Kinanda au spika? Ukitaka sauti ya Hammond na Leslie, hela yako ianzie wapi

Wakuu, ile sauti ya ogani unayoisikia kwenye rekodi za gospel za Wamarekani weusi, au kwenye jazi ya Jimmy Smith, ile inayoanza imetulia halafu ghafla inatetemeka mpaka mwili unasisimka, haitoki kwenye kinanda peke yake. Nusu ya kazi inafanywa na spika. Watu wanamaliza hela yote kwenye kinanda, wanakichomeka kwenye mikisa, halafu wanashangaa mbona kinalia kama cha mtoto.

Kinanda chenyewe ni Hammond, hasa B-3, ilikuwa inatengenezwa Chicago mpaka 1974, na ndani yake kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku. Spika ni Leslie, na inayotafutwa sana ni 122. Ni kabati la mbao lenye amplifaya ya valvu ya wati 40, juu kuna honi inayozunguka, chini kuna wufa (spika ya besi) ya inchi 15 imetazama chini na sauti yake inapita kwenye pipa nalo linazunguka. Honi ina midomo miwili ila mmoja ni geresha tu, umewekwa kubalansi uzito. Ikienda polepole inazunguka kama mara 40 hivi kwa dakika, ukiwasha ya kasi inafika karibu 400. Sasa utamu uko hapa: ukibadili spidi honi inashika kasi haraka, sekunde moja hivi, lakini pipa ni zito linajivuta sekunde kadhaa, kwa hiyo kuna muda juu na chini hazijakubaliana, na huo muda ndio unaousikia kwenye rekodi pale mpigaji anapopandisha wimbo. Vifaa vya bei chee vinapandisha vyote kwa pamoja, au vinatikisatikisa sauti tu basi.

Kabla hujatoa hela dukani fanya majaribio mawili. La kwanza, shika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), badili spidi ya Leslie, sikiliza kama besi inachelewa kufika. La pili, washa pakasheni, yaani ule mlio mfupi wa kugonga mwanzoni mwa noti, bonyeza kitufe kimoja usikiachie, halafu bonyeza cha pili. Kile cha pili hakitakiwi kutoa ule mgongano wa pakasheni, maana kwenye B-3 ya kweli hautoki tena mpaka uachie vitufe vyote kwanza. Na ukiwasha pakasheni ile drobaa ya tisa (drobaa ni vile vijiti vya kuvuta vya kuchanganya sauti ya ogani), ya mwisho kulia, inatakiwa inyamaze. Kinanda kikifeli hapo, aliyekitengeneza hakuijali ogani, kinaweza kuwa kizuri kwa piano lakini sio hii kazi.

Haya, tupange sasa.

Namba moja kwangu, kwa mtu anayepiga kanisani au kwenye bendi: kinanda cha mtumba chenye drobaa tisa, mfano Roland VR-09, halafu hela inayobaki nunua pedali ya Leslie, kile kiboksi cha kukanyaga kinachoigiza hiyo spika. VR-09 ni nyepesi, unaibeba mgongoni, na ogani yake sio mbaya ila Leslie yake ya ndani ndo inaiangusha. Pedali mi ningechukua Neo Ventilator, ya Wajerumani, imeigiza 122 kabisa mpaka unaweza kuweka umbali wa maiki, na siku ukibadilisha kinanda pedali unabaki nayo. Bei imechangamka, sikatai. Ukishindwa kuna Lester K ya Electro-Harmonix, na Strymon Lex ambayo wapiga gitaa wanaipenda. Kitu ambacho watu wanasahau ni kuzima Leslie ya ndani ya kinanda, ukiacha zote mbili zinazunguka unapata uji.

Namba mbili ni programu kwenye laptopu, na kama wewe kazi yako ni kurekodi nyumbani tu basi hii ndo namba moja yako, usihangaike na vingine. IK Multimedia wana B-3X, GSi wana VB3-II, zote zimeiva. Mfuko ukiwa mtupu kuna setBfree, ni ya bure kabisa na Leslie yake imo ndani, na kwa ya bure inashangaza. Unahitaji kibodi ya MIDI (inaiambia laptopu umebonyeza nini, sauti inatoka kwenye programu) yenye vitufe vyepesi, tafadhali sio vile vizito vya piano, maana ogani unateleza kwa kiganja na vya piano vitakuumiza mkono. Na saundi kadi ya nje ni lazima, ile ya ndani ya laptopu inachelewesha sauti, unabonyeza sasa inalia baadaye.

Namba tatu, mwenye hela asiyependa waya nyingi: Yamaha YC61 au Nord Electro 6D. Kila kitu kiko humo humo, drobaa za kushika kwa mkono, piano nzuri, Leslie ya kueleweka. Kati ya hizo mbili mi naenda YC61. Nord ni tamu, lakini kuna hela pale unailipia ile rangi nyekundu.

Reface YC ya Yamaha naiweka namba nne. Vitufe vidogo, 37 tu, lakini drobaa ni tisa, ina kiswichi cha Leslie, inatumia hata betri, na unaweza kuiunganisha na kinanda kikubwa kwa MIDI ikawa ndo ogani yako.

PSR, kile kinanda cha kawaida cha Yamaha, iliyopo kanisani kwenu? Hiyo unayo tayari, haihesabiki kama kununua. Ukiiongezea pedali itasogea, ila hakikisha umechagua sauti ya ogani isiyozunguka, nyingi zimerekodiwa na mzunguko wake tayari.

Mwisho kabisa B-3 yenyewe na Leslie yake. Naiweka mwisho sio kwa ubaya wa sauti, hakuna inayoifikia. Ogani na benchi na pedali zake za besi za miguuni ni karibu kilo 190, kabati la Leslie kilo 60 na kitu. Lakini kinachowaponza watu ni umeme. Ya Marekani imetengenezwa kwa volti 117 na Hezi 60, sisi huku tuna Hezi 50 (Hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), na mota yake inafuata Hezi sio volti. Utanunua transfoma, volti zitakaa sawa, halafu ukipiga C inatoka chini ya A, yaani ogani nzima imeshuka zaidi ya nusu-toni tatu na hakuna pa kuityuni. Kwenye jenereta ndo usiseme, Hezi zikiyumba na wimbo unayumba. Ukiipenda kweli tafuta iliyotumika Uingereza au Ulaya, kule ni Hezi 50 kama kwetu.

Ukishanunua, kwa sauti ya Jimmy Smith vuta drobaa tatu za kwanza mpaka 8, zingine sifuri, pakasheni weka Third, fupi (Fast) na ya sauti ndogo (Soft), na swichi ya vibrato/korasi weka C3. Ya gospel pale kwaya imepamba moto, vuta zote tisa na Leslie iwe ya kasi. Kumbuka studio wanaweka maiki mbili kwenye honi, kushoto na kulia, na moja chini kwenye pipa, kwa hiyo ule upana ni stirio. Spika za ukumbi wenu zikiwa mono, yaani zote zinatoa sauti ile ile moja, usichomeke waya wa kushoto peke yake ukadhani yameisha. Angalia kwanza kama kifaa chako kina mpangilio wa mono, uwashe huo.