Viwanja vya kulipa kidogo kidogo pembezoni mwa Dar: huduma nzuri, ila usikimbilie kusaini

Kwa mwenye milioni moja na nusu mkononi, viwanja vya awamu vya Chanika, Kigamboni, Mkuranga au Bagamoyo ndio mlango mwepesi wa kuingia kwenye ardhi. Tuseme skwea mita 400 kwa sh. 12,000 kila moja: jumla 4,800,000. Kianzio cha asilimia 30 ni 1,440,000, kisha 280,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. "Hakuna riba," utaambiwa. Uliza bei ya anayelipa yote taslimu. Ikiwa ni 10,000, basi riba ipo, nayo ni 800,000.

Shida kubwa imejificha kwenye neno "kimepimwa". Wauzaji hulitumia hata pale penye mchoro wa mipango miji tu, tena ambao haujaidhinishwa. Mchoro huo ukirekebishwa, kiwanja chako kinaweza kugeuka barabara au eneo la wazi. Dai namba ya kiwanja, kitalu na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, halafu nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi (upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja) mwenyewe. Usikubali kuoneshwa fotokopi. Sachi itakuonesha jina la mmiliki, rehani na zuio. Kama shamba mama, yaani shamba zima lililokatwa viwanja, liko rehani benki, unalipia awamu juu ya dhamana ya mtu mwingine.

Site nenda na futi ya mita 30. Bikoni (alama za mipaka kwenye kona) ziwe nne, namba zake zilingane na ramani. Kwa kiwanja cha 20 kwa 20, pima pia kona kwa kona: vipimo vyote viwili visome kama mita 28.3. Zikipishana sana, umbo limepinda na huenda jirani kala kipande. Na uende mwezi wa nne, si wa nane. Mabonde ya huko hayajifichi masika.

Kwenye mkataba, kifungu cha kuchelewa ndicho kinachouma: kiwanja kinarudi kwao nawe unakatwa sehemu ya ulicholipa. Asilimia iandikwe, pamoja na tarehe ya kukabidhiwa hati na nani anabeba gharama zake, maana mara nyingi hazimo kwenye bei ya skwea mita.

Kodi ya wapangaji usiitegemee hapa, ni ardhi tupu. Hati ikitoka, pango la ardhi la kila mwaka, linalolipwa serikalini, ni juu yako.

Malipo yaende akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Pesa iliyotumwa kwenye simu ya afisa mauzo huenda isihesabike kuwa umelipa, hata akikuandikia risiti.