Nyumba Kubwa Mbali au Ndogo Karibu? Mpangilio Wangu kwa Familia Inayonunua Nairobi

Mzazi mmoja anataka vyumba vinne na ua wa watoto kuchezea. Mwenzake anataka kutoka kazini jioni na kufika nyumbani kabla watoto hawajalala. Hela ni zilezile. Hapa Nairobi, kiasi kinachotosha maisoneti (nyumba yenye ngazi na ghorofa ndani yake) ya vyumba vinne Kitengela ndani, mbali nje ya jiji, mara nyingi hukupa fleti ya vyumba viwili tu Kileleshwa, karibu na mji, au nyumba ya zamani ya vyumba vitatu mahali fulani katikati ya hizo mbili.

Nimepanga chaguo nne, kuanzia ninalolipenda zaidi, nikiwa na familia ya aina moja akilini: watoto wawili au watatu wanaosoma, na mzazi angalau mmoja anayefanya kazi mjini, Upper Hill au Westlands. Kwanza napima saa za barabarani, kisha maji, halafu vyumba. Jina la mtaa silipi alama. Mtaa mzuri kwangu ni ule ambao mtoto anaweza kutumwa dukani, mfereji unatoa maji siku zinazojulikana, na usiku wa manane ukihitaji hospitali hupiti kwenye tope.

Ya kwanza: nyumba ya wastani katika mtaa wa zamani

Buruburu, Donholm, South B, South C, na upande wa Lang'ata kama Otiende na Onyonka. Nyumba hizi hazivutii kwenye picha. Jikoni ni padogo, bafu ni moja au mbili, rangi imechoka. Lakini kila kitu ambacho mjenzi wa mtaa mpya hukuahidi, hapa kipo tayari: bomba la majitaka, shule za kutembea kwa miguu, soko, kanisa, msikiti, matatu mpaka usiku. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na wanunuzi wengi wa wakati huo walilea watoto humo hadi wakawa watu wazima.

Tena nyumba ndogo inaweza kuongezwa. Kama kuna nafasi uani na kibali cha kaunti kipo, chumba cha nne hujengwa baadaye, mifuko ikijaa. Kuisogeza nyumba karibu na mji hakuna fundi anayeweza.

Chunguza mambo matatu. Nyongeza zimekuwa nyingi mno katika baadhi ya mitaa hii, hasa Buruburu, na mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa familia moja sasa yanabeba wapangaji wa vyumba kumi. Tembea uone kama kuna mifuniko inayofurika. Pili, uliza kuhusu mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia South C, na nyumba mbili zilizo umbali mfupi zinaweza kuwa moja kavu na nyingine yenye alama ya maji ukutani. Tatu, soma miaka iliyobaki kwenye hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi imekodishwa na serikali kwa miaka 99, kwa hiyo hati iliyoanza 1975 imeshapita nusu. Benki huiangalia sana miaka hiyo kabla ya kukupa mkopo.

Ya pili: pembezoni, lakini kando ya reli au barabara kuu

Hapa naweka Syokimau, na Ruiru kwa wale wanaopita Thika Road. Treni ya abiria imekuwa ikitoka Syokimau kwenda mjini tangu 2012, na Expressway, barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, huanzia Mlolongo hadi Westlands, ingawa ushuru wake wa kila siku uuingize kwenye hesabu kama kodi ya nyumba. Unapata chumba kimoja zaidi, labda na lango la pamoja lenye mlinzi. Unachokosa mara nyingi ni bomba la majitaka na maji ya kampuni. Utategemea kisima cha pamoja, maji ya boza na gari la kunyonya choo. Maji ya visima vingi vya upande huu yana floridi nyingi, ambayo hubadilisha rangi ya meno ya watoto, basi omba matokeo ya maabara kabla ya kulipa.

Ya tatu: fleti ndogo Kilimani au Kileleshwa

Kwa wanandoa wasio na watoto ningeipandisha juu. Kwa familia, naishusha. Uko karibu na kila kitu, lakini watoto hucheza kwenye maegesho, ada ya huduma ya jengo hupanda bila kukuuliza, na nje ya dirisha lako panaweza kuinuka ghorofa nyingine mwaka ujao. Ukinunua, hakikisha fleti ina hati yake yenyewe chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti.

Ya mwisho: nyumba kubwa, mbali kabisa

Kitengela ndani, Kamulu, Juja Farm. Najua inavyouma kuiweka chini, kwa sababu ndiyo nyumba ambayo wengi wetu tuliiota. Lakini saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ni saa ishirini kwa wiki. Mtoto anayesoma mjini huamshwa saa kumi alfajiri. Basi la shule, magari mawili badala ya moja, na udongo mweusi wa mbuga unaopasua kuta zisizo na msingi wa kina: sebule pana inalipiwa polepole, kila mwezi. Chaguo hili hupanda haraka kwenye orodha yangu kama mnafanya kazi hukohuko au nyumbani, na shule nzuri iko jirani.

Popote utakapochagua, tenga ushuru wa stempu, kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, 2 kwa ya mashambani. Nyumba ya milioni 10 mjini ni shilingi 400,000 juu ya bei, kabla ya wakili. Na wakili huyo awe wako, si wa muuzaji. Nyumba zilizobomolewa Syokimau mwaka 2011, na zile za Mavoko Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji, zilikuwa za watu waliolipa. Rekodi za ardhi ya Nairobi hutafutwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Kwa kaunti jirani za Machakos, Kajiado na Kiambu, wakili athibitishe na ofisi ya ardhi inayohusika.

Kabla ya kuweka amana, safiri kutoka nyumba hiyo hadi kazini siku ya Jumanne asubuhi, kwa gari lile utakalotumia kweli. Kisha rudi jioni, umuulize mlinzi wa jirani maji yalifika lini mara ya mwisho.