Kuacha dawa ya nywele: uchambue kabla ya kuosha, au zikiwa na kondishena?

Ukiacha dawa, kichwa kimoja kinabeba nywele za aina mbili: mizizi iliyojikunja na ncha zilizonyooshwa. Panapokutana ndipo panapokatika.

Kuchambua kabla ya kuosha kunafaa sana miezi ya mwanzo. Sisi wa Kigoma mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, hayatupi shida. Paka kiasi, gawa kichwa mafungu manne au sita, kisha tumia vidole. Ukigusa fundo, usivute. Lishike juu yake, upande wa kichwani, ulifungue taratibu kuanzia chini. Nywele zenye dawa zikilowa hulegea na kukatika upesi, kwa hiyo kuzichambua kavu kunaziokoa. Ubaya wake ni muda, na mikono inachoka kwelikweli.

Kuchambua ndani ya kondishena ni haraka zaidi. Chanuo la meno mapana linateleza, na mizizi ya asili inalainika vizuri. Ila ncha za dawa zinataka mkono mwepesi mno.

Mimi namshauri mwenye ncha ndefu za dawa aanze na mafuta, chanuo lije baadaye. Nywele za asili zikishazidi, kondishena inatosha.

Kwa wanaooshea ziwani: maji ya Tanganyika yana alikali, nayo hukausha nywele. Suuza mwisho kwa maji ya mvua ukiyapata, na uoshe fungu kwa fungu zikiwa zimesukwa mabutu, mafundo yasirudi.