Masaji Tabata: uzoefu wangu, na siku mama alipokataliwa mawe ya moto

Naanza na bei kwa sababu najua ndiyo inayotafutwa. Saa nzima ya mwili mzima ni shilingi 50,000. Nusu saa ya mgongo na mabega ni 30,000. Kwa Tabata, hapa Dar es Salaam, hiyo si bei ya chini. Barabara hiyohiyo kuna vibanda vinavyokukanda kwa nusu ya hela hiyo, na baadhi nimeshavipitia. Jina la mahali silitaji, nisije nikaambiwa nimelipwa kuwatangaza.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimeinama, shingo mbele, na ikifika jioni bega la kulia limekaza kama ubao. Nilikwenda kwa ajili ya bega hilo tu.

Kabla sijapanda kitandani nilipewa fomu: una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Una ujauzito? Unatumia dawa gani? Una mzio, kidonda, fangasi? Fomu kama hiyo nimeijaza kwingine ikaishia kwenye droo. Hapa dada mkandaji alikaa akaisoma mstari kwa mstari, kisha akaniuliza jambo ambalo halikuwamo: kama nimesafiri safari ndefu siku za karibuni. Nilikuwa nimetoka Mwanza kwa basi. Akaniomba nipandishe dera kidogo, akalinganisha mashavu ya miguu yote miwili, akauliza kama kuna upande unaouma, uliovimba au wenye joto kuliko mwenzake. Alinieleza kwamba kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa wa ndani, na donge hilo likikandwa linaweza kung'oka na kukimbilia kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa. Miguu yangu ilikuwa sawa, tukaendelea. Ingekuwa na dalili, alisema, asingenigusa. Angenielekeza hospitali siku hiyohiyo.

Sasa lile ambalo wengi hawaulizi kwa sauti. Masaji mjini ina sifa mbaya, na dada wengi wanaogopa kwenda kwa sababu hiyo. Hapa unaulizwa unataka kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume. Unaachwa peke yako ubadilishe nguo, ya ndani unabaki nayo, unalala na kujifunika, ndipo mkandaji anabisha hodi. Shuka inafunuliwa pale panapofanyiwa kazi tu: mgongo, ukimalizika unafunikwa, mguu mmoja, unafunikwa kabla ya wa pili kufunuliwa. Mlango haufungwi kwa ufunguo. Aliniambia mwanzoni kabisa kwamba naweza kumsimamisha wakati wowote bila kutoa sababu. Mahali ambapo mambo haya hayafanyiki, mimi nisingevua hata viatu.

Kazi yenyewe ilianza taratibu, viganja vikiteleza kwa mipapaso mirefu kupasha misuli joto, kisha kukanda kama kawaida, na mwisho dole gumba likizunguka palepale penye fundo. Kwenye miguu na mikono mgandamizo wake mkubwa ulikuwa unaelekea moyoni, kufuata damu inavyorudi. Kila baada ya muda anauliza: kwa moja mpaka kumi, nimegandamiza kiasi gani? Nilipojibu tisa alipunguza, ingawa sikulalamika. Kuna imani kwamba masaji isiyokutoa machozi haijafanya kazi. Lakini ukianza kubana pumzi na kukunja ngumi, msuli nao unajikaza kujilinda, na mkandaji anakuwa anapigana nao bure.

Nilichunga pia asipopagusa. Uti wa mgongo wenyewe hakuugandamiza, alipita pembeni mwake. Mbele ya shingo hakugusa kabisa, wala kwenye bonde nyuma ya goti, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hapo ipo karibu na ngozi. Kwenye kibanda kimoja cha bei nafuu kijana aliwahi kuninyonga shingo mpaka ikalia, bila hata kuniuliza. Ile si masaji, na sitairudia hata nikipewa bure.

Mafuta: waliuliza mzio kwanza, kwa kuwa wanatumia sana mafuta ya lozi, na mwenye mzio wa lozi anaweza kupata shida kubwa. Mimi nilichagua nazi. Niliomba yaongezwe karafuu, akaweka matone machache tu. Sisi wa pwani tumekulia kwenye singo na liwa za kujisugua ngozi, tunadhani kitu kikitoka mtini hakidhuru. Mafuta safi ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ngozi. Kipimo chake cha kawaida kwa mafuta ya kunukia, alisema, hakizidi matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida, na kwa karafuu anapunguza zaidi ya hapo.

Baada ya kuridhika nikampeleka mama, aliyekuja kutoka Korogwe. Ana kisukari cha miaka mingi na nyayo zake zina ganzi. Alikuwa amesikia habari za mawe ya moto, yale yanayopashwa joto na kuwekwa mwilini, na alitaka hayohayo, miguuni. Dada akamsalimia shikamoo, akasoma fomu, akamwomba afumbe macho. Akawa anamgusa vidole vya miguu kwa pamba, mama aseme akisikia. Vidole kadhaa vilipita kimya.

"Mama, mawe sitakuwekea."

"Mwanangu, mbona nimeshalipiwa?"

"Najua, mama. Lakini mguu usiosikia joto utaungua na wewe umelala."

Alimkagua katikati ya vidole na kisigino, akakuta ufa uliokwisha kufunguka, akatuambia upelekwe kliniki ya kisukari kabla haujawa kidonda. Miguu hakuikanda. Badala yake akamfanyia mgongo na mikono kwa nguvu ndogo, na tofauti ya bei ya mawe tukarudishiwa. Kwa kuwa mama anatumia pia dawa za presha, alipomaliza alimketisha ukingoni mwa kitanda kwa dakika kadhaa, maana presha huweza kushuka ghafla ukinyanyuka kutoka kulala, na mtu mzima akianguka ni nyonga hiyo. Mama alinuna mpaka tunafika nyumbani. Ufa wa kisigino kliniki waliusafisha na kuufunga.

Mdogo wangu mjamzito naye aliulizia. Wanapokea wajawazito, wakiwalaza ubavu, hasa wa kushoto, na mito katikati ya magoti, lakini wanataka kwanza uwe umezungumza na kliniki yako. Mwenye homa, maambukizi ya ngozi au jeraha bichi anaambiwa arudi akipona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, akina warfarin, hakandwi kwa nguvu, kwa kuwa anaweza kuvia damu vibaya.

Matokeo? Siku iliyofuata bega liliuma kidogo, kama mtu aliyelima baada ya muda mrefu, kisha likawa jepesi karibu wiki nzima. Halijapona, na hawakuniahidi kupona. Nikirudi kwenye cherehani linakaza tena, ila dada alinishauri ninyanyue kiti na nisimame kila baada ya muda, na hilo la bure limenisaidia karibu sawa na la kulipia.

Kasoro zipo. Jumamosi miadi ya saa nne unaingia saa tano. Mkandaji mwanamume ni mmoja tu, kwa hiyo mume wangu husubiri zaidi yangu. Mapokezi wanakung'ang'aniza ununue kifurushi cha mara kumi hata kabla hujavaa viatu. Usafi sina neno: shuka zinabadilishwa mbele yako, kucha zao fupi, mikono inaoshwa mpaka kwenye viwiko.

Kinachoniudhi hasa ni bango la ukutani linalosema masaji "hutoa sumu mwilini". Kazi hiyo ni ya ini na figo, na hakuna mkono unaoifanya kwa kugandamiza mgongo. Nilipomuuliza dada alicheka, akasema bango ni la bosi. Natoa nyota nne. Ya tano wataipata bango likibanduliwa.