Janmashtami Dwarka: usingoje saa 6 usiku pekee

Krishna, mungu wa Kihindu, alizaliwa usiku wa manane, kwa hiyo wengi wanaokwenda Dwarka, katika jimbo la Gujarat, India, kwa Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwake, hupanga safari nzima kuizunguka saa 6 usiku. Wanajipunja wenyewe. Katika hekalu la Dwarkadhish kilele kiko saa 2 asubuhi, sanamu ya Krishna ya jiwe jeusi yenye mikono minne inapoogeshwa pazia likiwa wazi. Siku za kawaida kazi hiyo hufanywa na makuhani nyuma ya pazia. Siku hii unayaona yote: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kwa ibada hiyo peke yake, safari imelipa.

Ili uipate, uwe kwenye foleni kabla ya aarti, ibada ya taa, ya saa 12 asubuhi. Njia ya kutoka ukingo wa mto Gomti ina ngazi 56 hadi lango la Swarga Dwar, na Janmashtami huangukia majira ya mvua, kwa hiyo jiwe linateleza na wewe uko peku. Mwenye magoti mabovu aulize lango la kaskazini, Moksha Dwar, upande wa sokoni. Simu, kamera na mikanda ya ngozi haviingii. Viache hotelini, maana foleni ya kuviweka na kuvichukua inaweza kukupotezea ibada yenyewe.

Milango hufungwa saa 7 mchana hadi saa 11 jioni. Wanaofika mchana kutoka Jamnagar, kilomita 130 hivi, hukuta pamefungwa. Hufungwa tena mnamo saa 3 usiku, na hapo ndipo msongamano unapokuwa mbaya: umati unarundikana kwa muda wa saa tatu nzima, kisha saa 6 usiku kila mtu anasukumwa mbele. Unamwona Bwana Krishna kwa sekunde chache tu, walinzi wanakuhimiza usonge. Lakini hekalu hubaki wazi hadi saa 8 na nusu usiku hivi. Wenye watoto na wazee waingie baada ya saa 7 usiku. Shangwe bado ipo, na nafasi ya kupumua ipo.

Mchana usikae chumbani. Nenda ukingoni mwa Gomti utazame bendera ya yadi 52, yenye jua na mwezi, ikibadilishwa juu ya mnara wa hekalu. Kila bendera hutolewa na familia, nayo huletwa kwa maandamano. Ukitaka kutoa ya kwenu, iandikishe mapema sana. Usiende na kitambaa mkononi ukitarajia nafasi.

Chakula ni cha mfungo: sabudana (punje za wanga wa sago), viazi, karanga, chumvi ya mawe, bila nafaka wala kunde. Kinatosha, ila mwenye kisukari ajibebee chake. Mfungo hufunguliwa rasmi kwa ibada ya kesho yake, saa 1 asubuhi, na foleni yake ni fupi kuliko zote.

Familia za pwani yetu zenye asili ya Saurashtra, eneo la Gujarat ilipo Dwarka, hukata tiketi mapema, na kosa lao kubwa ni tarehe. Sikukuu hufuata mwezi, na mila mbili za Kihindu zaweza kupishana siku moja katika kuiadhimisha. Fuata ratiba ya hekalu lenyewe, si ya mandir (hekalu) ya Mombasa au Dar es Salaam, na weka malazi kabla ya kulipia ndege.