Juisi ya zambarau pori Moshi: tamu kweli, ila hiyo habari ya ubongo tuongee kidogo

Kuna frem moja hapa Moshi, sio mbali na Soko la Mbuyuni, wanauza asali, unga wa lishe, mlonge na mambo hayo, siku hizi wameongeza juisi ya zambarau pori, zile ndogo nyeusi zinazootaga kando ya mito huko vijijini. Chupa ya nusu lita 6,000, poda ya gramu 100 ni elfu kumi. Kilichonivuta sio zambarau, nimezila utotoni mpaka ulimi umekuwa wa zambarau wiki nzima, kilichonivuta ni lebo: INALINDA UBONGO DHIDI YA SUMU ZA MAZINGIRA. Mzee wangu analima nyanya Kahe, anapuliza dawa na bomba la mgongoni shati wazi, glovu hana, barakoa hana, ukimwambia anasema dawa imemzoea. Sa mtu kama huyo ukiona lebo kama ile unaachaje kununua, nikabeba chupa mbili na poda.

Juisi kwanza. Jamani ni tamu, na sukari hawajaijaza, ule ukakasi wa zambarau unaubana ulimi vilevile kama umetoka kuokota chini ya mti. Chini ya chupa kuna machicha, tikisa kabla hujamimina. Ikidondokea shati jeupe hilo shati sahau.

Nikataka kujua kama rangi ni ya tunda au ya dukani, nikachukua vikombe viwili vyeupe vya chai, kila kimoja vijiko viwili vya juisi, kimoja nikakamulia limau kingine nikatia magadi kidogo. Cha limau kikawa chekundu kinang'aa, cha magadi kikageuka taratibu bluu halafu kijani cha ajabu ajabu, wife akauliza nimepika nini. Ndo tabia ya rangi ya zambarau hiyo, inaitwa anthosayanini, inafuata uchachu, rangi nyingi za dukani zinabaki vilevile ufanye nini. Kwa hiyo juisi imepita. Poda sasa, nikaikoroga nikafanya hivyohivyo, ikabaki kahawia huku na kahawia kule. Anthosayanini inakufa kwa joto na mwanga, na hizo poda wamezipanga dirishani kwenye mifuko inayopitisha mwanga, jua la mchana lote linazipiga, sa unategemea nini. Elfu kumi yangu imeenda.

Turudi kwenye lebo. Nilimuuliza dada anayeuza, akaniambia "kaka, mzee anywe glasi moja asubuhi sumu yote inatoka, ni asili haina madhara". Nikacheka kidogo maana hiyo sentensi nusu yake ina ukweli. Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani mwaka 2014 walichukua seli za ubongo wa panya wakaziwekea sumu inaitwa rotenoni, ambayo inabana yale majiko madogo ya kutengeneza nguvu ndani ya seli, zikafa nyingi, ila zilizotiwa dondoo za matunda yenye anthosayanini kama bluberi zilistahimili zaidi. Ni habari nzuri lakini ni seli kwenye vyombo vya maabara, sio mzee wa Kahe na bomba lake. Kuna nyingine ya 2012, wauguzi wa Marekani zaidi ya 16,000 waliovuka miaka 70, waliokula bluberi na stroberi kwa wingi kumbukumbu zao zilichelewa kuchoka, mpaka kama miaka miwili na nusu. Sawa, ila anayekula stroberi kila wiki mara nyingi ndo huyohuyo mwenye hela na muda wa kutembea jioni, huwezi kujua kilichomsaidia ni kipi. Na zote hizo hakuna iliyogusa zambarau ya kwetu wala kusema sumu "inatoka".

Halafu hilo la "asili haina madhara" ndo limenikera zaidi, maana rotenoni yenyewe ni ya asili! Ni jamii ya sumu iliyomo kwenye utupa, ule mmea watu wanaponda wanatia mtoni samaki wanaelea.

Kwa hiyo juisi naipa nyota nne, moja nimeitoa kwa sababu ya lebo. Poda nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya mfuko. Dada ni mkarimu, anakuonjesha bila kununa, na ukirudisha chupa anakupunguzia 500. Kama shida yako ni anthosayanini tu na hela imebana, rozela kavu pale sokoni ni bei ya chini sana na wekundu wake unatokana na kitu hichohicho, loweka usichemshe sana.

Mimi nilirudi nikachukua chupa nyingine mbili kwa ajili ya utamu, nikapita duka la pembejeo nikanunua glovu ndefu za mpira na barakoa, nikampelekea mzee vyote Jumapili. Juisi alimaliza chupa nzima kabla sijaondoka, akauliza nyingine naleta lini. Glovu mama yangu amezichukua anachambulia kuku.