Chombo Gani Ununue Kisumu Ukitaka Kupunguza Petroli

Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za mafuta zinapotangazwa, wenye vyombo vya moto mjini Kisumu hupiga hesabu upya, kwa kuwa mafuta yote yanayouzwa nchini huagizwa yakiwa yameshasafishwa tangu mtambo wa Mombasa ulipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Nimezipanga njia mbadala kwa kadiri zinavyomfaa mkazi wa huku.

Ya kwanza ni pikipiki ya umeme. Mwendeshaji bodaboda anayezunguka Kondele, Kibuye na Dunga kutwa nzima ndiye anufaikaye zaidi: kituoni huchomoa betri iliyokwisha, huingiza iliyojaa na kuondoka abiria akiwa bado anangoja, na sehemu kubwa ya umeme huo hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa hapa nchini. Kabla ya kulipa, uliza kama betri ni yako au ni ya kukodi, kwa sababu ukikodi utategemea vituo vya muuzaji huyo peke yake, na kama upande wa Ahero hana kituo, mteja wa kwenda huko usiku huenda usiweze kumbeba.

Ya pili ni haibridi ya mtumba, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, kama Toyota Aqua. Petroli inatumia, lakini kidogo, hasa penye foleni, na safari ya Nakuru haikupi wasiwasi.

Nissan Leaf ya mtumba, gari la umeme mtupu, nimeiweka ya tatu, ingawa haitumii petroli hata tone, kwa kuwa betri yake haipozwi kwa maji na joto la kando ya ziwa huichosha. Iwashe, kisha tazama pembeni mwa kipimo cha chaji: pana vijistari 12, na cha kwanza kikitoweka, betri imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Hata vikiwepo vyote, iendeshe kilomita 20 uone chaji inavyoshuka, maana wapo wanaovirudisha kwa kompyuta. Iliyochoka yaweza kutosha mjini. Mpando wa kwenda Mau Summit utaishinda.

Gari la petroli kufungiwa mtungi wa gesi ni ya mwisho: gesi nayo huagizwa, na mtungi hula nafasi ya buti.

Ethanoli ya molasi ya Muhoroni, iliyochanganywa na petroli yetu miaka ya 1980, ningeiweka juu ya gesi bila kusita, lakini vituoni haiuzwi.